Jina Juu ya Jalada

Mwihaki alinikataza kufungua maboksi mpaka tufike Kajiado. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, kwa sababu Mwihaki ninayemjua hawezi kuficha hata chapati. Lakini nikadhani ni mambo ya waandishi. Tangu watu wawili watatu wa hapa Kitengela waanze kumwita mwandishi, alikuwa ameanza kutembea polepole na kuangalia mawingu.

Mimi naitwa Koinet. Nauza dawa za kupe na minyoo kwenye agroveti iliyo kando ya barabara ya Namanga, na mlango unaofuata ni saiba ya Mwihaki, duka la kompyuta na intaneti ambako watu huenda kutafutiwa vyeti na kuchapiwa barua za kuomba kazi. Kati ya mteja na mteja, Mwihaki huandika mapenzi. Alianza kwa kutuma sura moja kila Ijumaa kwenye kikundi cha WhatsApp, na muda si muda kulikuwa na wanawake Kimuka na Loitokitok wanaomtumia sauti za kumgombeza kwa sababu amekata hadithi mkono wa kijana ukiwa njiani kuelekea kiunoni. Hao ndio waliomwambia achape kitabu. Alipokosa mchapishaji wa kumjibu hata "hapana," akaamua kujichapia mwenyewe. Mimi nikawa msomaji wa kwanza, msahihishaji na meneja wa mauzo. Vyeo vitatu, mshahara hakuna.

Kijana wa hadithi aliitwa Ryan. Nilimcheka Mwihaki mpaka akanifungia mlango.

"Ryan gani anauza mbuzi soko la Bisil?" nilimuuliza kupitia dirishani. "Hao mbuzi wenyewe wataanza kuongea Kizungu."

"Basi nitatafuta jina la mtu wa huko."

"Tafuta. Na umvue hiyo tai."

Mimi nikasahau. Yeye hakusahau.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa moja mjini Kajiado, na mimi ndiye niliyeupanga. Siku hiyo akina mama wa kanisa letu la Bisil walikuwa wageni wa wenzao wa Kajiado, na mama yangu, Florence, alikuwa amewaambia wote kwamba mtoto wake analeta mtu wa vitabu. Ukumbi mzima wa wanawake wanaojua kusoma, na waume waliochoka. Ukinionyesha soko zuri kuliko hilo nitakupa dawa ya minyoo bure.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa nabeba boksi la mwisho kulipeleka kwenye pikapu ya agroveti wakati chini yake palipofunguka. Vitabu vikamwagika kwenye vumbi. Nikainama, nikaokota kimoja, nikakigeuza.

Jalada lilikuwa na neno moja tu, kwa herufi kubwa za rangi ya dhahabu. Lilikuwa jina la ndugu yangu mkubwa.

Ndugu yangu alikufa mwaka juzi. Lori lilimkuta na pikipiki yake pale Isinya. Tangu tumzike sijalitamka jina lake, na hapa pia silitaji, msinibembeleze. Kwetu mtu akilala, jina lake linalala naye. Halisemwi nyumbani, na zaidi sana halisemwi mbele ya aliyemzaa. Kama kuna mwingine kwenye boma mwenye jina hilo, anapewa lingine. Wako vijana wa siku hizi wanaoona hayo ni mambo ya kale, na pengine kwao ni hivyo. Mama yangu anamwomba Yesu asubuhi na jioni, na hajawahi kulitaja. Zamani watu walimwita mama wa yule. Baada ya mazishi wakaanza kumwita Mama Koinet, na mimi nikapandishwa cheo bila kuomba.

Na Mwihaki alikuwa amempenda ndugu yangu. Hilo mama hakulijua. Mimi nilijua kwa sababu ndugu yangu alikuwa anakuja kununua dawa ya kupe kwangu kila wiki, na ng'ombe wetu hawakuwa na kupe wengi hivyo.

"Mwihaki," nikasema. "Hii ni nini?"

Alikuwa amesimama mlangoni mwa saiba amevaa gauni la bluu la uzinduzi. "Sasa umeharibu sapraizi," akasema, lakini uso wote ulikuwa unacheka. "Nilibadilisha kwa kompyuta siku ya kupeleka kazi kwa mchapaji. Unaiambia kila penye Ryan iweke hili, unabonyeza mara moja, kitabu kizima kinageuka. Nataka mama yako alione pale mbele ya watu. Ajue mtoto wake hajasahaulika."

"Liko jaladani tu, ama hata ndani?"

"Kila ukurasa."

Nikamweleza. Hapo hapo kando ya barabara, nikiwa nimepiga magoti katikati ya vitabu. Kwanza alicheka, akadhani ni zile zangu. Hiyo ndiyo shida ya kuwa mtu wa mizaha. Siku ukija na ukweli hakuna anayekununua. Kisha akaniangalia vizuri, na kicheko kikaondoka kidogo kidogo, kama maji kwenye beseni lenye tundu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia ni sapraizi gani, ningekuambia."

"Koinet." Alishika kizingiti. "Nimemtumia Emmanuel jalada. Jana. Alisema ataliweka kwa projekta, liwe ukutani watu wakiingia."

Emmanuel ni kiongozi wa vijana wa kanisa hilo la Kajiado. Kwao ni Loitokitok, amehamia juzi juzi, hajui watu wetu wala waliolala. Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikampigia mama. Imezimwa. Mama huzima simu akiingia kanisani, na huiwasha siku akikumbuka kwamba ana watoto.

"Ingia," nikamwambia Mwihaki.

Tukarusha vitabu nyuma ya pikapu bila hata kuvipangusa.

Tukatoka mjini. Yeye alikuwa anampigia Emmanuel, anakata, anapiga tena. Kisha akaiweka simu juu ya paja.

"Kwetu ni tofauti," akasema. "Mimi ni cucu yangu, mama ya baba, nilipewa jina lake. Alikufa kabla sijazaliwa, na baba ananiita maitu, mama, mpaka leo. Akiniita hivyo, cucu yuko kwa nyumba, anakunywa uji na sisi. Hivyo ndivyo tunafanya na watu wetu. Tunawarudisha. Nyinyi mnamzika mtu halafu mnarudi mnamzika tena."

"Usimwambie mama hivyo."

"Nakuambia wewe."

"Na mimi pia usiniambie."

Nilikuwa naendesha kwa kasi ambayo mwenye pikapu angelia akiiona. Nikamwambia mpango wangu: tukifika, mimi naruka nazima projekta. Maboksi yanabaki ndani ya pikapu, yamefunikwa. Yeye anawaambia akina mama mchapaji amechelewa, anawasomea kutoka kwa simu yake ile nakala ya zamani yenye Ryan, wanapiga makofi, tunarudi nyumbani.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nitageuza gari."

"Geuza."

Sikugeuza. Alijua sitageuza. Tukirudi Kitengela, jina lingebaki ukutani Kajiado, na mama angeketi chini yake.

"Unajua nilikaa na Ryan muda gani?" akasema. "Kila nikiandika Ryan nilikuwa namaanisha yeye. Siku nilibonyeza ile kitu, nikaona jina lake linajaa kwa kitabu, nililia mpaka mteja akaniuliza kama ombi lake limekataliwa. Sina picha hata moja tukiwa wawili, Koinet. Alisema tungoje. Sina kitu cha kuonyesha mtu. Hilo jina ndilo nilibaki nalo."

Nilikuwa na majibu, na yote yalikuwa ya kuchekesha. Nikayameza.

Tulipofika Isinya hakuna aliyeongea mpaka tukapita.

Tulikuwa tumekaribia Kajiado simu yangu ilipoita. Emmanuel.

"Ndugu yangu," akasema, na nyuma yake nilisikia akina mama wakiimba, "mambo ni shwari kabisa. Wageni wa Bisil wamefika, ukumbi umejaa. Mko wapi?"

"Emmanuel, zima projekta. Zima sasa hivi."

"Hiyo nimeshazima. Kuna mama mmoja alisema inamuumiza macho."

Mguu wangu ulitoka kwenye mafuta wenyewe. "Mama gani?"

"Mmoja wa wageni. Aliingia kati ya wa kwanza, akasimama hapo mbele akaiangalia kidogo, halafu akaja akaniambia nizime. Taratibu tu, hana maneno mengi. Sasa amekaa kwa ofisi ya pasta, peke yake. Amesema mkifika mwende huko kwanza, wewe na mwandishi." Akasikika akimjibu mtu, kisha akarudi. "Na amesema mlete kitabu."

Nilimwangalia Mwihaki. Alikuwa amesikia. Alichukua kitabu kimoja kutoka kwenye mkoba wake, kile alichokuwa amejiwekea, akakishika kifuani kama mtu anayepita kwenye mvua na mtoto.

Ofisi ya pasta ilikuwa chumba kidogo nyuma ya ukumbi, meza moja, viti vya plastiki, na kalenda ya kampuni ya mbegu. Mama alikuwa amekaa akitazama mlango. Alikuwa na kitambaa cha akina mama wa kanisa kichwani, shanga masikioni, na mkoba wake juu ya magoti, mikono yote miwili juu ya mkoba. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kama kawaida. Mwihaki naye akainamisha, nilikuwa nimemfundisha siku nyingi. Mkono wa mama haukuja. Mwihaki alibaki ameinama, nikasikia wimbo wa ukumbini ukimaliza ubeti na kuanza mwingine, na bado ameinama. Mwishowe akajiinua mwenyewe.

"Kitabu," mama akasema.

Mwihaki akampa kwa mikono miwili. Mama alikipokea na kulalisha jalada chini ya kiganja, asilione. Akakifungua katikati. Mama alisoma mpaka la saba, na kusoma kwake ni kwa Biblia: taratibu, kidole chini ya mstari, midomo ikienda bila sauti. Nikakitazama kile kidole. Kilitembea, kilitembea, kikafika mahali, kikaruka. Kikatembea tena, kikaruka. Nilijua kinaruka nini. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Huko nje mtu alikuwa anajaribu maikrofoni, moja mbili, moja mbili.

"Huyu anakunywa chai amesimama," mama akasema.

Kidole chake kilibaki pale pale kwenye mstari.

"Anasimama mlangoni, anakunywa kikombe kimoja haraka, masalio anamwaga nje. Koinet, ni wewe ulimwambia?"

"Hapana, yeyo."

"Basi nani alikuambia, wewe?"

"Sikuambiwa," Mwihaki akasema.

Mama aliinua macho. Alimtazama Mwihaki kutoka viatu mpaka nywele, kama anavyotazama ng'ombe wa watu aliyeingia kwenye zizi lake, si kwa ubaya, kwa kutaka kujua ametoka wapi.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Njuguna. Wa kule Kitengela."

"Alikuwa anakuja kwako."

"Ndiyo, mama."

"Na hukukuja mazishini."

"Nilikuja. Nilisimama nyuma, na watu wa bodaboda."

Nilitafuta mzaha. Ndiyo kazi yangu mahali panapouma, hata kwenye yale mazishi nilipata wawili watatu. Sikupata kitu. Nilibaki nimesimama pale kama mtu aliyeitiwa kubeba meza, akakuta meza imeshabebwa.

"Mwishoni anakufa?" mama akauliza.

"Nani?"

"Huyu. Wa kitabu."

"Hafi," Mwihaki akasema. "Anaoa."

"Anaoa nani?"

Mwihaki akaangalia sakafu. "Msichana wa saiba."

Mama akafunga kitabu. Akakiweka juu ya mkoba, jalada chini.

"Basi huyo si yule wangu," akasema. "Yule wangu alilala bila kuoa. Huyo ni kijana mwingine, yuko hai, ana harusi yake. Na kijana aliye hai akipatikana na jina la mtu aliyelala, Koinet, tunafanya nini?"

"Anapewa lingine."

"Anapewa lingine."

"Mama, sikujua." Sauti ya Mwihaki ilikuwa imeanza kuvunjika, na aliikaza. "Nilitaka kuwapa heshima. Kwetu jina likirudi ni furaha. Na hilo ndilo pekee niko nalo. Nikilitoa, huyu kijana wa kitabu anakuwa mtu tu. Hata mimi sitamjua."

"Wewe hilo jina ulilikuta ameshalivaa," mama akasema. "Mimi ndiye nililitafuta. Nililitafuta na tumbo liko hapa. Na tangu alale nimefunga mdomo. Kuna ndama nyumbani nikimwita linakuja lile, nauma ulimi. Unafikiri nimenyamaza kwa sababu nimesahau?"

"Hapana, mama."

"Leo nimefungua mlango wa kanisa nikalikuta ukutani, kubwa kama huo mlango wenyewe. Watu wanakula mandazi chini yake." Mikono yake ilishika mkoba. "Najua hukujua. Ningefikiri ulijua, saa hii ningekuwa kwa gari naenda nyumbani. Nimekungoja."

Mlango ukagongwa. Emmanuel akaingiza kichwa, mwenye haya na haraka kwa pamoja. "Samahani, mama. Akina mama wanauliza vitabu viko wapi. Wengine wana gari la kurudi. Nilete maboksi?"

Hapo ndipo nilitamani sana kusema kitu. Nilijua kilichokuwa ndani ya yale maboksi. Nilijua jinsi Mwihaki alivyokuwa akifungua saiba alfajiri na kufunga watu wakiwa wamelala ili vitabu vichapwe. Huko ukumbini kulikuwa na wanunuzi wake wa kwanza, wameshika mikoba yao, wanangoja. Na kitabu chenye jina lile kikishatoka kwenye mlango wa ukumbi, hakirudi. Kitasomwa kwa sauti Bisil, kwenye maduka, kisimani, na jirani mmoja atamwazima mwenzake.

Mama hakumwangalia Emmanuel. Alimwangalia Mwihaki.

"Mimi nitampa huyo kijana jina," akasema. "Mwite Kisemei. Kwetu hakuna Kisemei hata mmoja. Lakini vitabu ni vyako, na jasho ni lako. Ukitaka kuviuza vilivyo, uza. Mimi nitatokea huo mlango wa nyuma, niende nipande gari. Sitakugombanisha na mtu."

Nilimwona Mwihaki akiangalia kile kitabu kilicholala juu ya mkoba wa mama, mgongo wake tu ukionekana, na hata pale mgongoni jina lilikuwepo, dogo, la dhahabu. Emmanuel aliniangalia kuniuliza kwa macho, na mimi nikaangalia kalenda ya mbegu.

"Mwambie hakuna vitabu leo," Mwihaki akasema.

"Nimwambie nani?" Emmanuel akauliza.

"Waambie wote. Vitabu vina kasoro, vinarudi kwa mchapaji. Nitasoma tu."

Emmanuel akaondoka. Mwihaki akanyoosha mkono, na mama akampa kitabu.

"Chukua simu," nikamnong'oneza tukitoka. "Soma ile ya Ryan. Itakuwa rahisi, unaweka tu Kisemei penye Ryan."

"Ryan alikuwa wa mchezo. Kama namwacha huyu," akasema, "nimwache nikimwona ukurasani."

Ukumbi ulikuwa umejaa vitambaa vya rangi moja. Mama alikwenda akakaa safu ya mbele, mkoba magotini. Emmanuel akasema alichotumwa, na nikasikia manung'uniko ya watu waliovaa vizuri bure. Kisha Mwihaki akasimama mbele, gauni la bluu, maikrofoni mkono mmoja na kitabu mkono mwingine. Alikuwa amelifunika jalada kwa bahasha ya kaki aliyoipata mezani kwa pasta, ameikunja kama tulivyokuwa tukijaladi vitabu vya shule.

Mimi nilisimama kando ya swichi ya sauti. Niliweka kidole hapo. Kama lingemtoka, ningezima kabla halijaisha. Ndivyo nilivyojidanganya. Jina la ndugu yangu ni fupi.

Akaanza. Alisoma mahali msichana anafungua saiba na mvua inanyesha, na kuna kijana amejikinga kwenye kibaraza, ameshika dawa ya kupe. Akina mama wakacheka kidogo. Yakaja maelezo ya mvua, ya matope, ya viatu. Mimi nilikuwa nimesoma sura hiyo mara nyingi, nilijua sentensi inayokuja. Msichana anamuuliza kijana anaitwa nani.

"'Unaitwa nani?' akamuuliza," Mwihaki akasoma. "Kijana akapangusa maji usoni, akasema, 'Naitwa—'"

Akanyamaza.

Macho yake yalikuwa kwenye ukurasa, na hayakutoka hapo. Mdomo ulikuwa umefunguka. Nikasikia kwenye spika ile pumzi inayokuja mbele ya neno, ile herufi ya kwanza kabisa, nusu yake, na kidole changu kikakauka juu ya swichi. Kwenye safu ya mbele mama hakujongea. Hakuinamisha kichwa wala hakufunga masikio. Alimwangalia Mwihaki tu, moja kwa moja, kama unavyomwangalia mtoto anayevuka barabara, umechelewa kumshika mkono, na ukipiga kelele atashtuka.

Mwihaki akafunga mdomo. Machozi yalikuwa yanateremka shavu moja tu, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imejaa.

"'Naitwa Kisemei,'" akasema.

Nikapumua. Jina lilisikika geni, kama kiatu kipya. Akasoma sentensi iliyofuata, akafika tena pale penyewe, akakwama kidogo, akasema Kisemei. Mara ya tatu alikwama kwa muda mfupi zaidi. Polepole nikaanza kumwona huyo Kisemei, na jambo lililonishangaza ni kwamba hakuwa na uso wa ndugu yangu. Alikuwa mrefu zaidi. Alikuwa na aibu ambayo ndugu yangu hakuwahi kuwa nayo maishani.

Akina mama wakaanza kushika hadithi. Kijana aliposema amerudi kununua dawa ya kupe mara ya nne, kuna aliyesema kwa sauti, "Hao si kupe," na ukumbi ukacheka. Kijana alipotangaza kwamba ataoa, mama mmoja mnene aitwaye Nailantei, mwenye duka la nafaka hapo Kajiado, akainua mkono kana kwamba yuko darasani.

"Ngoja hapo, mwalimu. Huyu kijana anaoa hivi hivi? Kwao hakuna mtu? Mama yake yuko wapi?"

"Kweli," wengine wakaitikia. "Mama yake yuko wapi?"

Mwihaki akainua macho kutoka kwenye kitabu. Hakumwangalia Nailantei.

"Sikumwandika," akasema. "Sikuwa namjua."

Ukumbi ulinyamaza, ingawa wengi hawakujua wananyamazia nini. Mama alifungua mkoba wake, akatoa leso, hakuitumia, akairudisha. Akafunga mkoba.

"Mwandike," akasema kutoka pale alipokaa, bila maikrofoni. "Asiwe wa kulialia. Na asimpokee huyo msichana haraka. Amwangalie kwanza."

"Ndiyo, mama," Mwihaki akasema, na kwa kuwa bado alikuwa ameshika maikrofoni karibu na mdomo, ukumbi wote ulisikia.